BWANA AMIR JAMAL: TUHISABU KAZI, TUSIHISABU NASABA

Katika baraza zetu za hapa Korogwe, baada ya sala na baada ya kufunga maduka, wana wa Visiwani hukaa wakazungumza mambo ya kwao. Siku hizi mazungumzo yamerejea katika fedha za Muungano, na jambo hilo latufurahisha, kwani mwenye haki asiyeitaja haki yake huonekana ameisamehe. Lakini limetoka neno moja lisilotufurahisha. Wasema baadhi ya ndugu zetu: "Mlitaraji nini, na mwenye ufunguo wa hazina alikuwa Mhindi?" Watu wakacheka. Sisi hatukucheka, na leo twataka kueleza kwa nini.

Aliyekusudiwa ni marehemu Bwana Amir Habib Jamal. Vijana wetu wengi hawamjui ila kwa jina, basi na tumtaje kama alivyokuwa. Alizaliwa Mwanza mwaka 1922 katika jamaa ya Kihindi, akasoma mpaka Chuo Kikuu cha Calcutta. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika kwa uchaguzi wa 1958, uchaguzi ule wa kura tatu, na mwaka 1959 akawa waziri. Alikaa katika serikali zaidi ya miaka 20. Wizara ya Fedha aliishika mara tatu: tangu 1965 hata 1972, tena 1975 hata 1977, na tena tangu 1979, alipojiuzulu Bwana Edwin Mtei kwa khitilafu juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, hata 1983. Alikuwa mjumbe wa Tume ya Bwana Willy Brandt iliyochungua hali ya nchi tajiri na nchi maskini. Mwaka 1980 aliongoza mkutano wa magavana wa Benki ya Dunia na Shirika hilo la Fedha, na baadaye akawa balozi Geneva. Alifariki mwaka 1995, mbali na nchi aliyozaliwa.

Mtu huyu alikitumikia chama cha TANU katika siku ambazo chama hicho hakikumpokea asiyekuwa Mwafrika kuwa mwanachama. Mlango haukufunguliwa mpaka baada ya Uhuru. Na mwezi wa Oktoba 1961, ulipoletwa Mswada wa Uraia, walisimama wajumbe wakataka uraia upimwe kwa rangi ya ngozi. Mwalimu Nyerere aliyapinga maneno hayo kwa ukali, akasema serikali yake ingejiuzulu kuliko kuyakubali. Bwana Jamal alikuwa mmoja wa mawaziri wa serikali hiyo, na uraia uliokuwa ukibishaniwa siku ile ulikuwa wake na wa watoto wake.

Sasa na waulizwe hao wanaosema Mhindi aliwafanyia kazi Wahindi wenziwe. Mabenki yalipotaifishwa Februari 1967, Waziri wa Fedha alikuwa nani? Na mwaka 1971 ilipotoka sheria ya kutwaa majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambayo mengi yake yalikuwa ya Wahindi, hata jamaa kwa jamaa wakafunga mizigo wakahama, Waziri wa Fedha alikuwa nani? Alikuwa ni yeye. Anayetaka kuilaumu sheria ile na ailaumu, nasi tuna ya kusema juu yake. Lakini hawezi mtu mmoja kushitakiwa kwa kuwapendelea jamaa zake na khabari ndiyo hiyo.

Ama hisabu yetu sisi ni nyingine, nayo haifutiki kwa kumsifu mtu. Zanzibar iliingia katika sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1936, na ilikuwa na fungu lake katika Bodi ya Sarafu. Mwaka 1965 mambo ya sarafu na benki yaliongezwa katika orodha ya mambo ya Muungano, na Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikafungua milango. Twadai, na tumedai miaka mingi, ya kuwa fungu la Zanzibar, asilimia 11.02, liliingia katika mtaji wa Benki hiyo, na ya kuwa tangu hapo hatukuhisabiwa kama mwenye hisa anavyohisabiwa na mshirika wake. Baadaye tuligawiwa asilimia 4.5, tukaambiwa ni ya muda. Akaunti ya Fedha ya Pamoja imeandikwa katika kifungu cha 133 cha Katiba, ikabaki miaka na miaka katika karatasi. Mwenye duka yeyote ajua maana yake: mkishirikiana kwa mtaji na daftari likawa kwa mmoja, huo si ushirika.

Bwana Jamal alikuwa waziri wakati Benki ile ilipofunguliwa, na kwa hilo jina lake lina mahali pake katika daftari. Lakini na litiwe katika ukurasa wa kazi, si ukurasa wa nasaba. Uamuzi ule ulikuwa wa serikali nzima, na waliokaa naye mezani hawakuwa Wahindi. Na waliomfuata katika kiti kile baada ya 1983 hawakuwa Wahindi. Je, tumelipwa? Kama ugonjwa ungalikuwa katika damu ya mtu, ungalikwisha alipoondoka.

Sisi twaona ugonjwa ulikuwa mahali pengine. Waziri yule alifanya kazi katika nchi ya chama kimoja, ambamo hapakuwa na upande wa pili wa kumwambia: Bwana, tuonyeshe hisabu. Sisi tulio Korogwe twaiona athari yake tukitazama mashamba ya mkonge. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Ukaja utaifishaji wa Oktoba 1967, na huku bei ya dunia ikianguka kwa sababu ya kamba za viwandani, na zao likadidimia hata mashamba yakaota magugu. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, wazee wetu wakaambiwa biashara zao ndogo ni unyonyaji. Mtu mwema akikaa pasipo mwenye kumuuliza, wema wake hautoshi.

Na sisi tulio ugenini yatupasa kuogopa zaidi kuliko wengine. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Leo twasema "yule Mhindi". Kesho, bei ya sukari ikipanda, jirani atasema "yule Mpemba", na tutakosa la kumjibu, kwa kuwa mizani ni ile ile tuliyoitumia sisi. Na Visiwani kwetu tumekwisha kuonja matunda ya mizani hiyo. Katika fujo za Juni 1961 walikufa watu 68, na yaliyofuata Januari 1964 hayahitaji kukumbushwa. Madrasa ilitufundisha ya kuwa kuwachukia watu si udhuru wa kuacha uadilifu. Chama kinachodai haki hakiwezi kuidai kwa ulimi wa dhulma.

Kwa hivyo twawaomba wanachama wetu mambo mawili. Kwanza, mtu akitaja asili ya kiongozi badala ya kitendo chake, akanywe pale pale barazani, hata akiwa mzee wetu. Pili, tusichoke kudai daftari: fungu la Bodi ya Sarafu lilikuwa kiasi gani, liliwekwa wapi, limezaa nini, na nani atalilipa. Masuala hayo hayajibiwi kwa kumtukana marehemu. Yajibiwa na serikali iliyopo, nayo ndiyo tunayoidai.

Wabillahi tawfiq.