Huzuni na Sonona Si Kitu Kimoja

Ndugu zetu wa Miritini, mtu akiacha kula na kuitikia salamu, twahukumu upesi: imani yake haba, au ana jini. Ilhali Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwisha kutenganisha huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyojulikana sababu yake, akaihusisha hii ya pili na mwili.

Madaktari wa leo huita sonona pale huzuni, au kukosa hamu, inapodumu takriban kila siku kwa wiki 2, na dalili zikifika 5 kati ya 9, zikiwemo usingizi kuharibika, uchovu, kujilaumu na kuwaza mauti. Damu haiithibitishi, hupimwa ili kuondoa shaka ya maradhi mengine, kama ya tezi ya shingo. Daktari hutegemea maelezo. Basi jamaa wamwambie pia iwapo mgonjwa aliwahi kuwa na siku za uchangamfu uliopindukia, halali wala hachoki. Hayo ni maradhi mengine, na tiba yake ni nyingine.

Dua tusiiache, na hospitali ya Port Reitz haiko mbali. Anayetaja kujiua asingojewe wiki 2, apelekwe leo.