Elimu ya ziwa imefungwa vyuoni, watoto wa Uvira wanaihitaji

Huko Uvira, Baraka na Kalemie, watu wengi wanaliita Ziwa Tanganyika bahari. Hawakosei sana. Urefu wake unapita kilometa 670, kina chake kinafika karibu mita 1470, na samaki wake wengi hawapatikani pengine popote duniani. Mtoto wa Kalundu anajua kuogelea mbele ya kujua kusoma. Lakini akiingia darasani, ziwa linabaki inje. Anakariri majina ya bahari kubwa za dunia, na juu ya ndagala ambao mama yake anauza sokoni hakuna anayemwambia kitu.

Na elimu hiyo haiko mbali. Pale Uvira kuko kituo cha serikali cha utafiti wa viumbe vya majini, CRH. Bukavu, kwenye ISP na kwenye Chuo Kikuu cha Serikali, UOB, wanafunzi wanasoma elimu hiyo hiyo: wanapima joto la maji, wanahesabu planktoni, wanaandika memwari kwa Kifaransa na kuitetea mbele ya maprofesa. Kisha memwari inaingia kabatini. Mvuvi hataisoma kamwe, wala mtoto wake.

Vyuo hivi vinapashwa kufanya jambo moja: kufundisha watoto kuwe sehemu ya kozi yenyewe, yenye pointi. Isiwe kazi ya huruma ya siku moja, na mabango na picha za kuweka Facebook. Mwanafunzi asipate pointi zake zote mpaka asimame mbele ya darasa la tano au la sita, kando ya ziwa, na kufundisha kwa Kiswahili. Sheria ya elimu ya Februari 11, 2014 inatambua lugha za taifa kama lugha za kufundishia, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni kosa.

Faida ya kwanza itakuwa ya mwanafunzi mwenyewe. Achukue swali ambalo kila nyumba ya Uvira inauliza: kwa nini ndagala wanapungua? Chini ya mita 100 upande wa kaskazini, na karibu 200 upande wa kusini, maji hayana oksijeni na samaki hawawezi kuishi. Lakini huko chini ndiko mbolea ya ziwa imelala. Upepo wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, unasukuma maji ya juu, na yale ya chini yanapanda na mbolea yake. Mbolea inalisha mimea midogo sana, mimea inalisha wadudu wadogo, wadudu wanalisha ndagala, na ndagala wanalisha mikeke. Maji ya juu yakizidi kupata moto, yanakuwa mepesi na kukataa kuchanganyika na ya chini. Utafiti uliotoka mwaka 2003 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba chakula hicho cha kwanza cha ziwa kimepungua kwa karibu asilimia 20 juu ya joto. Mwanafunzi anayeweza kueleza hayo bila kutamka neno "stratifikasyo" ameelewa kozi. Asipoweza, hata distinksyo haimsaidii.

Watoto nao wana la kufundisha. Mtoto wa mvuvi anajua ni usiku gani hakuna haja ya kuwasha taa kwenye mtumbwi, sababu mwezi unaangaza. Mwanafunzi aliyetoka Walungu, ambaye pengine hajawahi kupanda mtumbwi, atajifunza hayo kwake.

Kuna watakaosema kwamba anayevua kwa chandarua cha mbu anajua vizuri kuwa anabeba watoto wa samaki, na anafanya hivyo juu ya njaa. Ni kweli. Somo la saa moja halijazi sufuria. Lakini Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilikubaliana kusimamisha uvuvi kila mwaka, Mei 15 hadi Agosti 15, na wavuvi wengi wanaona uamuzi huo kama amri ya kuwanyima chakula. Sheria ambayo hakuna aliyeeleweshwa inalindwa na askari peke yao, na askari naye anajulikana anapenda nini.

Tena ziwa si samaki tu. Kolera haijaondoka Uvira na Kalemie miaka hii yote, na watoto ndio wanaotumwa kuchota maji. Mtoto aliyeona kwa mikroskopi vitu vinavyotembea ndani ya tone la maji aliyochota asubuhi atauliza maswali nyumbani.

Ugumu uko. Tangu elimu ya msingi iwe ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa na walimu wamechoka. Vita vimevuruga kalenda. Na pesa ya moto, nani atalipa? Isiwe mwanafunzi, sababu vyuo vinajua sana kugeuza kila kitu kuwa frais.

Kwa kuanza, hakuhitajiki mradi mkubwa. Mikroskopi moja kutoka laboratware, kichujio cha planktoni kilichoshonwa kwa kitambaa chepesi, wanafunzi kumi na masomo mawili au matatu ya Kalundu na Kavimvira, mwanzoni mwa mwezi wa tano, wiki mbili mbele ya uvuvi kufungwa.