Hesabu Moja, Madaftari Mawili

Wasomaji wangu, mwisho wa mwaka 2025 binti yangu alirudi kutoka shule na karatasi mkononi, akanitaka niitie sahihi. Alikuwa amemaliza Kidato cha Pili, na wakati huo ndipo mwanafunzi achaguapo masomo atakayokwenda nayo mpaka mtihani wa mwisho. Kiingereza, Kiswahili na Hesabu hayana hiari. Sayansi zisipungue mbili, na jumla ya masomo yasipungue saba. Yaliyobaki ni khiyari yake mtoto, akishauriana na walimu na wazee wake.

Niliitazama karatasi ile nikaona Fizikia na Jiografia zimepigwa mstari. Nikamwuliza, "Hizi zimekukosa nini?"

Akanijibu kwa adabu, "Baba, Fizikia haituhusu sisi. Na Jiografia ni kukariri tu."

Sikutia sahihi. Nilimwambia aniletee madaftari yake yote, yale ya mwaka ule na yale ya mwaka wa nyuma, tukae nayo barazani baada ya alasiri. Sikufanya hivyo kwa kuwa najua kumshinda. Mimi nilisoma chuoni kabla sijajua mlango wa shule, na nilipoingia shule nilikuwa katika kundi lililofanya mtihani wa kwanza wa KCPE mwaka 1985 na ule wa kwanza wa KCSE mwaka 1989. Binti yangu naye yumo katika kundi lililofanya KCPE ya mwisho, mwaka 2023. Mfumo huu wa 8-4-4 mimi niliufungua mlango na yeye anaufunga. Nilitaka kujua baina ya kufungua na kufunga watoto wetu wamepata nini.

Daftari la kwanza lilikuwa la Hesabu. Mlikuwa na swali la uwiano: mali itolewe sehemu moja katika nane, kisha kinachobaki kigawanywe kwa watu wawili, mmoja apate mara mbili ya mwenzake. Alikuwa amelikosa. Mwalimu ametia mkasi mwekundu, na pembeni ameandika arudie. Hakurudia.

Nikafungua daftari la Elimu ya Dini ya Kiislamu. Humo mna mlango wa mirathi. Mtu amefariki, ameacha mke, mwana wa kiume na mwana wa kike, kila mmoja apate nini? Alikuwa ameandika bila ya kosa: mke thumni, yaani moja katika nane, na kinachobaki mwana wa kiume achukue mafungu mawili na dada yake fungu moja. Nikampa mfano wa nyumbani. Marehemu ameacha minazi 72. Akapiga kwa kichwa: mke minazi 9, mwana wa kiume 42, wa kike 21. Alama ya sahihi, na pongezi za mwalimu pale chini.

Nikayaweka madaftari mawili pamoja. Nikamwonesha kwamba swali ni lile lile. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini baba, hii ni dini. Ile ni hesabu."

Ndugu zangu, neno hilo ndilo lililonifanya nikachukua kalamu leo. Mtoto si mjinga, na kama mnavyoona, hesabu aijua. Lililompata ni kwamba amefunzwa kuiweka kila elimu katika kasha lake, akafunga, na ufunguo akaurudisha kwa mwalimu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha al-jabr huko Baghdad katika karne ya tisa, sehemu kubwa ya kitabu chake aliifanya ya mafungu ya wasia na mirathi. Kwake yeye hazikuwa elimu mbili. Mtu alikuwa na haja ya kugawa mali kwa haki, na haja hiyo ikataka hesabu. Leo jina la kitabu chake limekuwa jina la somo zima duniani, na mjukuu wa waliosoma mirathi kwa kokoto na mbegu za ukwaju aliogopa kama jini.

Tukaingia Jiografia. Alikuwa ameandika kurasa mbili kuhusu pepo za monsuni, kwa Kiingereza safi. Nikamwuliza, "Pepo hizi umepata kuziona?" Akasema hapana. Nikamwambia atoke nje ya baraza asimame. Ilikuwa Disemba, kaskazi inavuma, na buibui la jirani lilikuwa linapepea juu ya kamba. Kaskazi hiyo na kusi ndizo alizoziandika. Bara la Asia likipata moto miezi ya Juni na Julai, hewa yake hupanda juu, na upepo wa bahari huvutwa kutoka kusini kwenda kuziba nafasi. Bara hilo likipoa, mambo hugeuka. Kwa pepo hizo majahazi yalikuja na tende yakaondoka na boriti. Hata hilo neno la kizungu, asili yake ni mawsim ya Kiarabu, ambayo sisi twaiita msimu. Neno limetoka katika bahari yetu, likazunguka Ulaya, likarudi darasani na mtoto wa Mombasa hakulitambua.

Na Fizikia "isiyotuhusu" je? Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa nahodha. Alikuwa akisema kwamba maji ya mto hayabebi kama ya bahari, na chombo kilichojazwa sana baharini kikiingia mlango wa mto Tana pale Kipini kitazama zaidi. Katika daftari la binti yangu jambo hilo limo, limeandikwa kwa jina la Archimedes. Lita 1000 za maji baridi zina uzito wa kilo 1000, na za maji ya bahari zapata kilo 1025. Maji mazito hubeba zaidi. Ami hakuwa na daftari, na daftari halikuwa na ami. Laiti wangalikutana.

Sasa nataka nionye mambo mawili, maana nawajua watu wa barazani.

Kuna wazee watakaosema, "Si waona! Haya yote twayajua tangu zamani, shule ya nini?" Hapana. Ami alijua kwamba chombo kitazama zaidi, lakini hakuweza kukuambia kitazama inchi ngapi kabla hakijapakiwa. Daftari laweza. Elimu ya mkono ni njema, na elimu ya hesabu huikamilisha.

Na kuna vijana watakaosema, "Bora! Elimu zote zimeanzwa na Waislamu." Maneno hayo ni matamu, lakini hayampi mtu hata alama moja. Ibn al-Haytham wa Basra alijua kwamba jicho huona kwa nuru inayoliingia, na alilijua kwa kujaribu, kupima na kujaribu tena. Anayejisifu kwa jina lake naye hataki kuingia maabara amerithi jina peke yake.

Wala sitaki kuwalaumu walimu. Mwalimu wa sekondari ana dakika 40, darasa limejaa, na muhtasari wa masomo wamngoja aumalize kabla ya mtihani. Kuyaunganisha madaftari ni kazi yetu pia sisi wazazi. Lakini mtoto akirudi nyumbani swali letu ni moja tu: "Umepata ngapi?" Miaka miwili nzima nilimwuliza binti yangu amepata ngapi. Siku hata moja sikumwuliza amesoma nini. Mkasi ule mwekundu, nusu yake ni wangu.

Na jambo hili lina haraka. Wale wanaokuja nyuma yake, katika mtaala mpya, wanatakiwa wachague njia moja katika tatu wanapoingia sekondari ya juu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mtoto wa miaka kumi na mitano atachaguaje njia, ikiwa hajaoneshwa kwamba mirathi ni hesabu na kaskazi ni Jiografia? Atachagua kwa hofu, au atafuata walikokwenda rafiki zake. Na pwani yetu, yenye bandari na meli, itaendelea kuajiri wahandisi kutoka kwengine huku vijana wetu wakiwatazama kutoka barazani.

Mtauliza karatasi iliishaje. Fizikia ilirudi. Jiografia, pamoja na kaskazi yangu yote, haikurudi. Nilimsihi, akacheka, akasema, "Hiyo utanifunza wewe, baba, hapa hapa barazani." Nikatia sahihi. Na daftari la Hesabu alilifungua usiku ule, akalirudia swali la uwiano, akalipata.

Nami nikamwandikia ubeti nyuma ya jalada:

Mwanangu shika kitabu, usitupe kwa uvivu,
Kemia nayo hesabu, ndiyo matunda mabivu,
Walitwachia mababu, si mali ya wapumbavu,
Elimu mti mmoja, masomo ndiyo matawi.