Kipupwe, Kikoa na Aibu ya Baiskeli

Yako mashtaka ambayo humngoja mtu mwenye elimu aonekanapo juu ya baiskeli siku ya mapumziko katika mji wa Dar es Salaam. Yasemwa kwamba amefilisika. Au kwamba anawaiga Wazungu. Au, kwa sauti ya huruma, kwamba ana wakati mwingi wa kupoteza. Mwenzangu mmoja katika ualimu, mtu wa vitabu vingi na gari moja kubwa, aliyatoa mashtaka haya yote kwa pumzi moja mbele ya wanafunzi wetu. Wanafunzi walicheka. Nakusudia kumjibu hapa kwa ajili ya kicheko kile, maana baadhi ya vijana hawa ndio watakaokaa kesho katika ofisi za mipango miji na ujenzi wa barabara.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Sabasaba ya mwaka 2023 iliangukia siku ya Ijumaa, ikatupa siku tatu mfululizo. Sisi rafiki sita, wakazi wa Kawe na Mikocheni, watano wenyeji na mmoja Mholanzi, na miongoni mwetu wanawake wawili, tulipanda baiskeli alfajiri tukaenda Bagamoyo. Tulilala huko siku mbili, tukala vizuri, baadhi yetu tukanywa mvinyo wa Dodoma, na Jumapili jioni tukarudi makwetu na miguu mizito. Siku hiyo ya tarehe 7 Julai ndiyo ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na yawezekana mwenzangu aliona kwamba walimu wa lugha walipaswa kuwa ukumbini wakisikiliza hotuba. Hotuba zilikuwapo nyingi. Hazikupungukiwa na wasikilizaji kwa kukosekana sisi.

Naanza na shtaka la kuiga, ambalo msomi wa Kiswahili hana udhuru wa kulitoa. Masika yakiisha, upepo wa kusi hushika, unyevu hupungua, na toka Juni hata Agosti sisi watu wa pwani huona baridi ambayo mtu wa Njombe angeicheka. Alfajiri ya Kawe mwezi wa Julai huweza kushuka hata nyuzi 18 au 19, nasi tukavaa masweta. Lugha yetu ina jina la majira haya, nalo ni kipupwe, kama ilivyo na majina ya kaskazi, vuli na demani. Majina hayo yalikuwa ratiba ya bahari na ya shamba, na baina ya kazi hizo zilikuwamo ngoma na harusi. Mtu akingoja kipupwe ili atoke nje kufurahi na rafiki zake, amemwiga nani?

Ama chakula, tulikula kikoa. Wanafunzi wengi wa leo hawalijui neno hili, nami nalihuzunikia. Kikoa ni karamu ya zamu: leo hutoa huyu, kesho hutoa yule, hata mzunguko utimie. Pale ambapo kila mmoja hutoa fungu lake siku ile ile, husemwa kwamba watu wanakula bia. Maneno yote mawili yamo katika kamusi ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka 1939, na hayakuwa mapya wakati huo. Watu wasiojua starehe ya marafiki wasingekuwa na haja ya maneno mawili ya kutofautisha namna za kugawana gharama yake. Zamu ya kwanza, ya Ijumaa usiku, ilikuwa ya mwanamke mmoja kati yetu, mzaliwa wa Tanga. Alikwenda mwenyewe pwani kuchagua changu, akawapasua, akawaoka juu ya makaa, akawapaka tui zito la nazi lenye ndimu na pilipili, tena na tena mpaka ngozi ikashika rangi ya shaba; nasi tuliokuwa tumeendesha kilomita 50 na zaidi tulikaa kimya kama watoto wanaongoja Idi. Wali wa nazi ulikuja baadaye. Jumamosi ilikuwa zamu ya mtu asiyejua kupika, akanunua pweza na mishikaki, na hakuna aliyemkosea adabu.

Na mvinyo? Neno mvinyo tumelipata kwa Wareno, pamoja na neno meza, na divai ni Kifaransa. Lakini kila anayejua sarufi ajua kwamba neno likishaingia katika ngeli zetu huishi kama mwenyeji. Jambo lenyewe si geni pia. Mgema alikuwa juu ya mnazi kabla Mreno hajafika Kilwa, na huko bara ulanzi na mbege havikungoja meli ya mtu. Mizabibu ya Dodoma ilipandwa na wamisionari wa Kikatoliki huko Bihawana katika karne ya 20, na leo wakulima wa Hombolo na Makutupora huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Bordeaux hawezi hata kuliota. Chupa tulizofungua zilikuwa jasho la Wagogo. Wawili kati yetu ni Waislamu wasiogusa kileo. Wao walikunywa ukwaju na madafu, hakuna aliyewashurutisha, wala simo katika kuhalalisha kilichoharamishwa kwa anayeishika dini yake. Nasema tu kwamba anayeita meza ile ya Kizungu hakuitazama vizuri. Gari la mwenzangu, kwa upande wake, lilitoka Japani baada ya kutumiwa huko miaka minane, na hakuna aliyemwambia kwamba anawaiga Wajapani.

Shtaka la kupoteza wakati nalipita upesi. Mtu ambaye hukaa katika foleni ya Mwenge asubuhi, akarudi kukaa katika foleni ile ile jioni, siku tano kila juma, hana haki ya kumfundisha mtu mwingine thamani ya saa.

Limebaki shtaka la ufukara, nalo ndilo nililolishikia kalamu.

Baiskeli haikuzaliwa na aibu katika nchi hii. Katika miaka ya 1950 mkulima wa pamba wa Usukuma aliyeuza vizuri alinunua baiskeli, na kijiji kizima kilijua. Mwalimu, karani na katekista walikuwa watu wa baiskeli. Raleigh ya Uingereza, na baadaye Phoenix ya China, zilipanguswa vumbi kila jioni na kulazwa ndani ya nyumba, wakati mwingine karibu na kitanda kuliko mbuzi. Mambo yaligeuka biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, magari yaliyotumika yakaanza kushuka bandarini kwa wingi. Mji ukajifunza kupima watu kwa magurudumu. Mwenye manne akawa mtu, wa matatu na wa pikipiki wakawa njiani kuelekea utu, na wa baiskeli akabaki nyuma pamoja na mwenda kwa miguu. Wasomi, ambao kazi yao ni kukipima kipimo chenyewe, walikuwa wa kwanza kukikubali.

Nieleze jambo moja la safari yetu. Njiani tulikusudia kunywa chai katika hoteli moja ya ufukweni. Tulipofika langoni, mlinzi, kijana mwenye adabu nzuri, alitusimamisha.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Samahani, baiskeli hupita lango la nyuma, la wafanyakazi.”

“Na magari?”

“Magari ni hapa.”

Tulikuwa tungali tukizungumza alipotokea Mholanzi wetu, ambaye alikuwa amebaki nyuma kuziba pancha. Alikuwa na vumbi kuliko sisi, na baiskeli yake ilikuwa ya zamani kuliko zetu zote. Kijana aliinua kizuizi kabla mgeni hajashika breki. “Karibu sana, bosi!” Basi tukapita sote nyuma ya bosi. Ndani ya lango, imeegemezwa ukutani penye kivuli, palikuwa na baiskeli yenye kopo la chakula limefungwa kwa mpira juu ya keria. Ilikuwa ya kijana yule yule.

Simlaumu yeye. Amri hakuitunga, na mshahara wake ulimtaka aitii. Lakini tazama jinsi ilivyotungwa: chombo kile kile, kikiwa chini ya Mwafrika ni dalili ya shida, na kikiwa chini ya Mzungu ni dalili ya afya na akili. Mwenzangu anayesema kwamba baiskeli ni ufukara, na papo hapo kwamba ni kuiga Wazungu, hawezi kuwa na yote mawili ila akiishi ndani ya amri hiyo. Wanawake wetu wawili walisikia ya ziada. Toka Tegeta hata Bunju kila kijiwe kilikuwa na la kuwaambia, na mengine siwezi kuyaandika katika jarida hili.

Kama dharau hii ingeishia katika maneno, ningeiacha. Lakini dharau humwagwa pamoja na zege. Nenda kwa baiskeli toka Mikocheni hata Kawe katika Barabara ya Bagamoyo ya Zamani, ambayo sasa yaitwa Barabara ya Mwai Kibaki. Kuume una mlango wa daladala, kushoto una mtaro. Ukipita Tegeta unaandamana na malori ya saruji ya Wazo. Ukivuka Mto Mpiji kuelekea Mapinga na Kerege, lori likipishana na basi huna pako ila mchangani. Sisi tulipita hapo mara mbili, kwa hiari, tukiwa na kofia ngumu na taa. Muuza madafu hupita kila siku na shehena yake ya madafu pande zote mbili za gurudumu. Hupita mnoa visu, ambaye baiskeli yake ni kiwanda chake. Hupita muuza samaki wa Kunduchi kabla ya jua, bila taa. Hao ndio wanaoanguka, na wakianguka gazeti hutaja namba ya gari na mahali, na aghalabu jina lao halitajwi.

Nitaambiwa kwamba mji umekwisha kutenda. Ni kweli kwa sehemu, na haki isemwe. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, barabara ilijengwa pamoja na njia za baiskeli, na kwa kazi ile Dar es Salaam ilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, mji wa kwanza wa Afrika kuipata. Lakini nenda ukazione njia hizo. Utakuta pikipiki, meza za mitumba, na magari yaliyoegeshwa na watu wenye shahada. Umoja wa Waendesha Baiskeli, uitwao UWABA, umepiga kelele juu ya njia za baiskeli kwa miaka mingi, na sauti za wasomi wa vyuo vikuu zimekuwa haba mno katika kelele hizo. Njia usiyoipita huoni ikizibwa.

Wengine husema kwamba Uholanzi ni Uholanzi, nchi ya baridi iliyo tambarare, na watu wake walizaliwa hivyo. Sivyo. Mwaka 1971 magari yaliua huko zaidi ya watu 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia barabarani na mabango wakiyaita mauaji hayo kwa jina lake, mauaji ya watoto, na njia zile nyekundu tunazoziona katika picha zilijengwa baada ya ugomvi huo. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwaka 2024 kijana wa Eritrea, Biniam Girmay, alishinda hatua tatu za Tour de France akavaa fulana ya kijani hata Nice. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara letu, juu ya vilima ambavyo mtu wa Dar es Salaam angevikataa hata kwa miguu. Majirani zetu wanashangilia baiskeli barabarani. Sisi tunaielekeza lango la nyuma.

Sasa Barabara ya Bagamoyo nayo imo katika awamu ya nne ya mabasi yaendayo haraka. Lami na zege vikishakauka, itapita miaka thelathini kabla ya mtu kuvigusa tena. Wasomi wanaokaa Kawe, Mbezi Beach na Tegeta ni wengi. Wana kalamu, wana namba za simu za wakubwa, na baadhi yao hukaa katika kamati. Waulize mapema njia ya baiskeli itapita wapi, itaishia wapi penye makutano, na nani atawaondoa wenye magari watakapoifanya maegesho. Upana wa gari moja lililoegeshwa ni kiasi cha mita mbili. Hizo ndizo tunazodai, kila upande, toka Mwenge hata Tegeta bila kukatika, na nguzo za kuzuia pikipiki kila penye mwanzo wake.