Mlinzi wa Kipunji ni Mkulima wa Rungwe

Mwezi Mei 2005 ulimwengu wa sayansi ulitangaziwa kwamba katika misitu ya Tanzania yuko kima ambaye vitabu havikuwa na habari zake. Kima huyo ni kipunji, mwenye manyoya marefu ya rangi ya kahawia na kishungi kichwani. Anaishi katika Mlima Rungwe, katika msitu wa Livingstone ulio jirani, na katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa. Hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani.

Habari hiyo ilikuwa mpya kwa wataalamu, lakini haikuwa mpya kwa wananchi wa Rungwe. Jina la kipunji lilikuwa lao. Watafiti walipopita katika vijiji vinavyouzunguka mlima, wawindaji ndio waliowasimulia juu ya kima huyo asiyependa kuonekana na watu, na mwaka 2003 ndipo watafiti walipomwona kwa macho yao. Somo la kwanza, basi, ni kwamba elimu ya msitu iko kwa mtu anayeishi kando ya msitu.

Somo la pili ni chungu. Mwili wa kwanza wa kipunji kuchunguzwa na wataalamu ulitoka katika mtego wa mkulima aliyekuwa akilinda mahindi yake. Uchunguzi wa mwili huo ndio uliothibitisha, mwaka 2006, kwamba kipunji anastahili kuwekwa katika jenasi yake peke yake. Jambo hilo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Sifa zikaenea duniani kote, lakini hasara ya mahindi ikabaki kwa mkulima.

Ni haki kusema kwamba Taifa halikukaa kimya. Msitu wa Livingstone umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iliyoanzishwa mwaka 2005, na Mlima Rungwe ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilionyesha kwamba kipunji wote waliobaki walikuwa 1,117 tu. Hesabu iliyofanywa zaidi ya miaka kumi baadaye ilionyesha kwamba idadi hiyo imepanda na kukaribia 2,000. Huo ni ushindi wa kujivunia. Hata hivyo, wanyama 2,000 ni wachache kuliko wanafunzi wa baadhi ya shule zetu, na moto mmoja wa kiangazi au msimu mmoja wa uchomaji mkaa unaweza kuirudisha nyuma kazi ya miaka mingi.

Tena, mipaka ya hifadhi na askari wa misitu peke yao hawatoshi. Mlima Rungwe na msitu wa Livingstone vinaunganishwa na ukanda mwembamba wa Bujingijila. Ukanda huo ukikatika, kipunji wa upande mmoja hawatawafikia wenzao wa upande wa pili, na kizazi chao kitadhoofika. Askari hawezi kusimama chini ya kila mti wa ukanda huo usiku na mchana. Anayeweza kuulinda ni mwananchi anayepita hapo kila siku akienda shambani, iwapo anaona kuna sababu ya kufanya hivyo.

Sababu hiyo ipo. Misitu ya Rungwe ndiyo inayohifadhi mvua na maji ya mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Chai na ndizi za Tukuyu, pamoja na mpunga wa Kyela, vyote vinategemea maji hayo. Wala desturi ya kuhifadhi haikuletwa na wageni: wazee wa Kinyakyusa walikuwa na misitu ya matambiko, kama ule wa Lubaga, ambamo hakuna aliyethubutu kuingiza shoka.

Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Si haki kumhubiria juu ya mvua za miaka ijayo mkulima ambaye mahindi yake yameliwa usiku wa kuamkia leo au jana mchana. Kanuni za kifuta machozi za mwaka 2011 ziliandikwa kwa kuwafikiria wanyama hatari kama tembo, simba na mamba. Mkulima aliyeharibiwa shamba na kima mwenye thamani kubwa hivyo kwa Taifa asiachwe abebe mzigo peke yake. Halmashauri na vijiji hazina budi kutafuta njia: vibarua vya kulinda misitu na kuotesha miche vipewe kwanza wakazi wa kando ya msitu, mapato ya watalii yafike kijijini, na mashamba ya mpakani yapandwe mazao yasiyowavuta kima. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kuwa na misitu yao na kuisimamia. Ruhusa hiyo itumike, isibaki kwenye makabati.

Watumishi wa Serikali na walimu nao wana sehemu yao. Mtumishi anayenunua mkaa bila kuuliza umetoka wapi anashiriki kukata msitu anaouhubiri katika mikutano. Serikali imekwisha kuziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Kila mkuu wa shule na kila mkuu wa idara ajiulize jiko lake linawaka kwa nini. Klabu za Malihai, zilizoanzishwa mwaka 1980, zinaweza kuwa chombo cha kuwafundisha watoto wa Rungwe kwamba kipunji ni urithi wao kabla hajawa fahari ya wengine.

Wawindaji wa Rungwe ndio waliomwonyesha mtafiti njia ya kumfikia kipunji. Ni wajibu wa viongozi kuhakikisha kwamba watoto wa wawindaji hao wanapata sababu ya kumlinda: ajira, fidia na sauti katika vikao vinavyoamua juu ya mlima wao. Mipango yoyote itakayomwacha nje mkulima wa mpakani itarudi kwenye mtego ule ule wa shamba la mahindi.