MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Fedha za Msiba na Kifaru cha New Orleans



Mama mmoja, mjane wa askari, ametuandikia barua yenye simanzi. Mumewe alifariki akiwa kazini, na fidia imekwisha kulipwa. Sasa mwanawe mwenye umri wa miaka 19 anataka apewe sehemu ya fedha hizo ili arekodi nyimbo. Hoja yake ni kwamba mwanamuziki Master P wa Marekani naye alianza kwa fedha za msiba. Mama anauliza: je, jambo hilo ni kweli? Na kama ni kweli, ampe?

Ni kweli, mama. Lakini kijana amekusimulia mwanzo na mwisho wa habari, akaruka katikati. Na katikati ndiko kwenye mafunzo.

Master P, ambaye jina lake hasa ni Percy Miller, alikulia New Orleans, katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Kwao ni Calliope, mtaa wa nyumba za serikali uliojulikana kwa ufukara na bunduki. Babu yake alipofariki palilipwa fidia, na kijana akapata dola 10,000. Hakuzipeleka katika kurekodi. Alifungua duka la kuuza kanda na santuri mjini Richmond, California, akaliita No Limit, yaani Bila Mpaka. Nyuma ya meza ya duka lile aliona kwa macho yake mnunuzi anataka nini na anacho kiasi gani mfukoni. Ndipo akaanza kutoa kanda zake mwenyewe, akiziuza kwa mkono na kutoka katika buti ya gari.

Siku zile biashara ya muziki wa rapu ilitawaliwa na New York na Los Angeles, na watu wa kusini walihesabiwa kuwa wageni karamuni. Kampuni zilipoanza kumtafuta, hakulewa kwa fedha za papo kwa papo. Mwaka 1996 alifanya mkataba na kampuni ya Priority: wao wachape na kusambaza, wachukue kama asilimia 15 ya mapato, yeye achukue asilimia 85, na rekodi za asili zibaki kuwa mali yake. Kwa kawaida mwanamuziki mchanga hupewa fedha za kutangulia, kisha kampuni ikamiliki kazi yake na kumwachia makombo. Master P alifanya kama mkulima anayemlipa mwenye lori nauli ya kupeleka pamba sokoni. Shamba halimo katika mapatano.

Matunda yalionekana tarehe 2 Septemba 1997, ilipotoka albamu iitwayo Ghetto D. Katika juma la kwanza ziliuzwa nakala zipatazo 260,000, ikashika nafasi ya kwanza katika orodha ya jarida la Billboard, na baadaye ikathibitishwa kuwa imepita milioni tatu. Mnunuzi alipewa kipimo kilichojaa: nyimbo 19, karibu dakika 80. Ndani ya kijitabu chake mlikuwa na matangazo ya albamu zitakazofuata, hata mteja akajua la kununua kesho. Alama ya kampuni ilikuwa kifaru cha vita, wanamuziki wake wakaitwa askari, naye akajiita kanali. Mwaka 1998 jarida la Forbes lilikadiria mapato yake kuwa zaidi ya dola milioni 56.

Sasa tuseme lililo gumu. Wimbo uliobeba jina la albamu hiyo waeleza namna ya kutengeneza dawa za kulevya. Familia za polisi zajua dawa hizo zinavyovunja nyumba. Hatuwezi kusifu wimbo kwa kuwa tu umeuzwa sana. Lakini katika albamu hiyo hiyo umo wimbo wa I Miss My Homies, wa kuwalilia waliokufa, akiwemo Kevin, ndugu yake wa damu, aliyeuawa mwaka 1990. Wimbo huo, mama, utauelewa bila mkalimani. Keti na mwanao msikilize zote mbili, kisha umwulize ni ipi ataandika kwa fedha za baba yake.

Wala asifikiri kwamba kifaru hakikukwama. Mwaka 1998 kampuni ilitoa albamu zaidi ya 20, wanunuzi wakachoka. Mwaka 1999 watunzi wa muziki wake, kundi la Beats by the Pound, wakaondoka. Mwezi Desemba 2003 kampuni iliomba mahakamani hifadhi ya mufilisi. Kupata ni jambo moja, na kutunza ni jambo jingine.

Basi ushauri wetu ni huu. Kwanza tenga karo ya wadogo na paa la nyumba. Hizo si fedha za kubahatisha. Kikibaki kitu, usimpe fedha za kurekodi, bali mpe mtaji mdogo wa biashara anayoifahamu, pamoja na daftari la hesabu, na kila mwisho wa mwezi mlifungue pamoja. Faida itakayopatikana ndiyo arekodie. Na siku akiletewa mkataba, asitie sahihi kabla ya kuuliza neno moja: rekodi za asili zitakuwa za nani?

Akikubali masharti hayo, amemfuata Master P kweli. Akikataa, alichokipenda ni kile kifaru tu.

Hadi juma lijalo, kaeni salama.