Tucheze Ugiriki Garissa, ila si Vita vya Troy

Katika mkutano wa chama chetu wa muhula uliopita palitolewa pendekezo lililozua mjadala mkali kuliko hata ule wa mashairi huru, na wanachama wa zamani wanakumbuka jinsi huo ulivyokaribia kuvunja urafiki. Iliafikiwa kwamba ziara yetu ya mwaka huu itakuwa Garissa. Iliafikiwa pia kwamba badala ya kupeleka tamthilia ya kutazamwa, kama ilivyo ada yetu, tupeleke mchezo ambao kila aliyefika ni mhusika. Visa vitokane na ngano za Wayunani. Hadi hapo sikuwa na neno. Lakini kamati ilipotaja kisa chenyewe kuwa Vita vya Troy, niliomba nafasi ya kusema, nikanyimwa kwa sababu ya muda. Naomba basi wahariri wa jarida hili wanipe nafasi hiyo hapa.

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, hauna jukwaa wala hadhira, wala hakuna mswada wa kukariri. Kila mchezaji hupewa karatasi inayomweleza yeye ni nani, anadaiwa na nani, anaficha siri gani na anataka nini kabla jua halijatua. Kisha huachwa auishi uhusika huo kwa saa mbili au tatu, kwa maneno yake mwenyewe. Katika nchi za Skandinavia umekuwa sanaa inayojadiliwa kwa dhati, na mabingwa wake hukutana kila mwaka katika kongamano lililoanzia Oslo mwaka 1997. Walimu wetu wanayo istilahi ya igizo dhima kwa zoezi la darasani la dakika kumi. Nami nitaiazima, maadamu tofauti ni ya kadiri tu. Asiyeipenda alete yake. Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Mtoto aliyewahi kupika mchanga katika kopo la maziwa ya unga na kumkaripia "mume" wake kwa kuchelewa kurudi, alikuwa ndani ya igizo dhima kabla hajajua kusoma.

Kuna waliohoji kwa nini Wayunani. Swali ni zuri, ila linasahau historia ya fasihi yetu. Utendi wa Herekali, ulioandikwa na Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728, na ambao ni miongoni mwa tendi kongwe zaidi tulizo nazo, unamhusu mfalme wa Rumi ambaye lugha ya dola yake ilikuwa Kigiriki. Na mwaka 1971 Samuel Mushi alitupa Mfalme Edipode, tafsiri yake ya tamthilia ya Sophocles. Kwa hiyo Kiswahili na Wayunani wamekwisha kupigana hodi zaidi ya mara moja. Hoja yangu haihusu kama tuwaalike. Inahusu ni nani miongoni mwao tumwalike Garissa.

Mimi ni mzaliwa wa mji huo. Nimelelewa mtaa wa Soko Ng'ombe. Kila aliyekuwa pale anakumbuka alikuwa wapi alfajiri ya Aprili 2, 2015, siku ambayo watu 148, wengi mno wakiwa wanafunzi wa umri wetu, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wauaji waliwatenga Waislamu na wasio Waislamu kabla ya kuua. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na maisha yameendelea kwa namna ambayo wageni wetu hushangaa kuiona. Lakini sasa fikiria, msomaji, rasimu ya kamati: wachezaji wagawanywe makundi mawili, Wayunani na Watroy, kundi moja lifiche watu wake ndani ya "farasi", usiku wa manane watoke, wapige kelele na kuuteka mji. Walioandika rasimu hiyo ni marafiki zangu na hawakuwa na nia mbaya. Waliandika wakiwa Nairobi.

Nikasikia ikisemwa kwamba hayo ni maigizo tu na kila mtu atajua kuwa ni maigizo. Sina hakika. Novemba 30, 2015, miezi minane tu baada ya maafa ya Garissa, chuo kikuu kimoja jijini Nairobi kiliendesha zoezi la kujihami dhidi ya magaidi. Wengi waliokuwemo hawakujua kwamba ni zoezi. Milio ilipoanza watu waliruka kutoka majengoni. Wengine waliumia, na mfanyakazi mmoja akafariki. Hilo nalo lilikuwa igizo. Na hata kama wachezaji wetu wote watakuwa wamearifiwa, majirani je? Mama anayeuza maziwa nje ya ua hana karatasi ya uhusika.

Je, tuache basi? La hasha. Kuna wanaotaka Garissa itajwe kwa kunong'ona tu, kana kwamba mji mzima ni kaburi. Hao nao siafikiani nao. Vijana wa kule wana haki ya kucheza sawa na vijana wa Kisumu au Malindi. Ninachopendekeza ni tuiache Troy tufuate yule aliyetoka huko.

Katika Odisea ya Homer, baada ya miaka mingi ya kuhangaika, Odysseus anatupwa na mawimbi katika nchi ya Scheria, akiwa uchi na bila hata jina. Anakutwa na Nausicaa, binti wa mfalme, aliyekuja mtoni na wajakazi wake kufua nguo. Binti hakimbii. Anampa nguo na chakula, kisha anamwelekeza kwa wazazi wake: ampite mfalme, amwendee mamaye, Malkia Arete, kwa maana neno lake ndilo zito. Mgeni anapokewa, anakalishwa, analishwa. Jina lake haliulizwi na mfalme hadi jioni ya siku ya pili, kwa sababu katika adabu ya Wayunani wa Homer mgeni hula kwanza ndipo akaulizwa atokako. Mtu wa kwetu hahitaji kufafanuliwa adabu hiyo. Nyumba ya mfugaji inayompa mpita njia maziwa kabla ya maswali inaijua, tena bila kupitia kwa Homer.

Lakini kilichonivuta zaidi katika kisa hiki ni wimbo. Karamuni mghani Demodocus anaimba habari za Troy, na mgeni analia akiuficha uso wake kwa vazi. Mfalme Alcinous peke yake ndiye anayeona. Hamuulizi kitu, anasema tu kwamba wametosheka na nyimbo, sasa watoke nje wakashindane michezo. Baadaye mgeni mwenyewe anaomba aimbiwe kisa cha farasi wa mbao. Anaimbiwa, naye analia tena, na kwa mara ya pili mfalme anamnyamazisha mghani. Tafadhali tulitazame jambo hili polepole. Mtu aliuomba wimbo kwa hiari yake, na bado ukamuumiza. Ndiyo maana sitosheki na fomu za kukubali kushiriki ambazo kamati inataka tutie saini. Mtu anaweza kukubali saa nane mchana kile ambacho hawezi kukivumilia saa kumi na moja. Napendekeza mchezo wetu uwe na mwenyeji mmoja ambaye kazi yake yote ni ya Alcinous: kutazama nyuso, na kusema "tumetosheka na nyimbo" pale anapoona inafaa. Maneno hayo yakisemwa, kila kitu kinasimama, wala hakuna anayeulizwa sababu.

Na sasa nije kwenye lugha, kwani sisi ni chama cha Kiswahili wala si cha Wayunani. Watu wengi wa kizazi cha wazazi wangu walikutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza kinywani mwa mtu mwenye sare, na neno la kwanza lilikuwa "kitambulisho". Haya si malalamiko ya rejareja. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 imeyaeleza mateso ya watu wa Kaskazini Mashariki, Wagalla ya Februari 1984 ikiwemo. Kwa miaka mingi abiria wa mabasi wameshuka kwenye daraja la Tana wakiwa wamezishika kadi zao mkononi, na ukaguzi huo umefanywa kwa Kiswahili. Halafu sisi tunakuja na kalamu nyekundu kushangaa kwa nini mwanafunzi wa Garissa anakiona Kiswahili kuwa lugha ya mtihani na ya amri! Katika igizo la Scheria neno la kwanza la Kiswahili atakaloambiwa mgeni ni "karibu, kula kwanza", na atakayelisema ni msichana wa Garissa. Huyo Nausicaa simwachii mtu wa Nairobi, hata awe hodari vipi.

Isidhaniwe kwamba mchezo wa ukarimu hautakuwa na mvutano. Wenyeji wa Scheria walikuwa na utabiri wa kale kwamba siku moja Poseidon atawakasirikia kwa tabia yao ya kuwasafirisha wageni salama, aigandishe merikebu yao na kuuzingira mji wao kwa mlima. Na kweli, waliomfikisha Odysseus kwao waligeuzwa jiwe pamoja na chombo chao. Ukarimu una gharama, na wenyeji walijua. Gawa sasa karatasi kwa watu arobaini. Huyu ana mwana baharini katika merikebu itakayotumwa. Yule ni mfanyabiashara anayehesabu maji yaliyobaki. Mwingine aliwahi kuwa mgeni mahali akafukuzwa. Wote wakubaliane kabla ya magharibi: tumpe chombo au tusimpe? Kaunti ambayo imekuwa mwenyeji wa kambi za Dadaab tangu 1991, ikaziona kuni zikisogea mbali mwaka hadi mwaka, haitakosa la kusema kuhusu swali hilo. Ningependa sana kuwa kimya pembeni nikisikiliza.

Wapo waliouliza kuhusu miungu. Nilimwendea maalim wangu wa zamani wa madrasa nikamsimulia mpango mzima. Aliniuliza jambo moja tu: kuna atakayesujudiwa? Nikamjibu kwamba hakuna. Basi, akasema, ni hadithi ya watu wa kale, mcheze, ila sala isipite. Kwa hiyo hapatakuwa na Zeus wala Athena. Poseidon atakuwa uvumi mdomoni mwa watu, na kwa maoni yangu atatisha zaidi hivyo kuliko akivikwa ndevu za pamba.

Wapo pia waliosema kwamba tungemchukua Fumo Liyongo. Hoja hii inaniuma kwa sababu nampenda Liyongo kuliko Odysseus. Kovu lake liko kitovuni kama la Achilles lilivyo kisiginoni. Hadithi zake zinafuata mto uleule wa Tana unaopita kwetu. Na katika utendi mama wa mwanawe anatoka kwa watu wa bara, ambao Waorma wa leo ni ndugu zao. Picha ya shujaa aliyekufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, mji mzima ukiogopa kwenda kuteka maji, hakuna mahali itakapoeleweka kama Garissa. Lakini kwa mchezo wa namna hii ana dosari moja. Uhusika ni wake peke yake, na wengine thelathini na tisa watasimama wakimtazama. Hiyo itakuwa tamthilia tena. Apewe jukwaa lake, tena mwakani, na majigambo yake yasemwe kwa sauti kamili.

Kuhusu utaratibu sina mengi. Tuanze baada ya sala ya alasiri, jua likiwa limelegea, tumalize kabla ya magharibi. Pasiwe na silaha hata za miti, wala nyuso zisifunikwe kwa ajili ya uhusika, wala pasiwe na kugusana. Majirani waalikwe chai siku moja kabla na waelezwe kila kitu. Makundi yapangwe kwa nyumba za Scheria, na kamwe yasipangwe kwa jina la mtu, dini yake wala alikotoka. Pahali pawe kando ya mto, juu, mbali na ukingo, kwa sababu mamba wa Tana hawajapewa karatasi.

Nimekwisha kuandika karatasi kumi na moja. Ya Arete imenishinda. Ninamtaka mama ambaye mfalme mwenyewe humsubiri aseme, na kila nikijaribu kumwandika ninajikuta nimeandika nyanya yangu. Mwenzangu yeyote, hususan dada zetu wa mwaka wa tatu, anayeweza kuichukua kazi hiyo, anipate maktabani siku za Jumatano alasiri.